Jua la Kusini na majani ya ng'ombe: namna ya kutumia mbolea ya naitrojeni ili nyasi zisiungue (mwongozo kamili)

Wadau wa mifugo na bustani huku Mtwara na Lindi, kila ikifika mwezi wa kumi malalamiko ni yale yale. Matete yamejikunja, ukoka wa mbele ya nyumba umekauka, mtu anakimbia duka la pembejeo anarudi na mfuko wa yurea, anamwaga saa sita mchana juu ya mchanga mkavu, alafu wiki inayofuata anawaambia watu mbolea imeunguza majani yake. Mbolea kweli imeunguza, ila ni kwa sababu imekuja imechelewa na imekuja bila maji. Naitrojeni inasaidia sana nyasi kuvumilia joto lakini kazi yake inafanyika kabla joto halijapanda, yani hii ni daku sio futari. Ukishika hilo mambo mengine yote humu ndani yatakuwa mepesi.

Humu nazungumzia zaidi majani ya malisho, matete (wengine wanaita mabingobingo), Rhodes, brakiaria na ukoka. Mtama, mahindi na mpunga nao ni jamii ya nyasi, kwaiyo ukiwa mkulima wa hayo mengi yanakuhusu, ila vipimo vya mbolea ni vingine.

Joto linafanya nini kwenye jani

Nyasi zetu hizi nyingi ni za nchi za joto, nyuzi 30 mpaka 35 kwao ni raha tu. Shida inaanza pale joto linapokuja pamoja na ukame na udongo maskini. Mchanga ulio wazi saa saba mchana unaweza kupita nyuzi 50, weka mguu peku utajua mwenyewe, na pale ndipo lilipo shina la nyasi na mizizi ya juu. Jani lenyewe linajipoza kwa kutoa maji kupitia vitundu vidogo vidogo vilivyo kwenye ngozi yake, maji yakipungua vitundu vinajifunga, jani linaanza kupata moto kwa ndani, mashine yake ya kupika chakula inalegea na kijani kinaanza kuvunjwa.

Kuna kitu watu hawakiangalii, usiku. Mwezi wa kumi na moja Mtwara mjini usiku wenyewe hata shuka hulitaki, na mmea nao haupumziki, unaendelea kupumua na kuchoma sukari iliyowekwa mchana. Kwaiyo mchana unapika kidogo, usiku unakula sana, akiba inaisha. Nyasi inayokufa kwa joto inaweza kuwa imekufa njaa, sio kuungua tu kama tunavyosema.

Naitrojeni inaingilia wapi

Kwanza, kijani chenyewe cha jani kimejengwa na naitrojeni. Pili, vimeng'enya vinavyokamata hewa ya ukaa ili mmea upike chakula ni protini, na protini bila naitrojeni hakuna. Tatu, mmea ukishikwa na joto unatengeneza protini maalum za kulinda protini zingine zisiharibike, unatengeneza pia vimeng'enya vya kusafisha sumu zinazozaliwa ndani ya jani kwa sababu ya joto, na vyote hivyo vinadai naitrojeni. Sasa mmea wenye njaa ya naitrojeni unafanya nini? Unaiba. Unavunja majani ya zamani ya chini unapeleka naitrojeni kwenye majani machanga ya juu, ndo maana unaona manjano inaanzia chini. Joto likija juu ya hali hiyo majani yanazeeka haraka zaidi.

Marekani, Chuo Kikuu cha Rutgers kule New Jersey, wamelichunguza sana hili kwa nyasi za viwanja vya gofu, aina inayoitwa bentigrasi. Ile ni nyasi ya baridi, kwetu huku haiwezi hata kidogo, lakini walichokiona ni cha maana: zikipuliziwa naitrojeni kidogo kwenye majani wakati wa joto zinachelewa kuzeeka na kijani kinadumu zaidi. Neno la kushika hapo ni kidogo.

Maana ukizidisha inageuka. Naitrojeni nyingi inaamsha majani ya juu yakimbie, mizizi inabaki mifupi, sukari ya akiba yote inaenda kwenye kukua, majani yanakuwa laini yenye maji maji, yanatumia maji mengi kuliko udongo ulivyonayo. Shamba linapendeza wiki mbili kisha linaanguka lote kwa siku tatu za jua. Hayo majani mabichi kupita kiasi ndo pia wadudu na magonjwa wanayapenda.

Hatua ya 1: hakikisha shida yako ni naitrojeni kweli

Usianze na mfuko, anza na macho. Ingia shambani asubuhi saa moja na urudi saa nane mchana. Kama asubuhi majani yamenyooka na mchana yamejikunja, hiyo ni kiu na joto, mbolea sio jibu la leo. Kama hata asubuhi yako manjano, hasa majani ya chini, na umanjano unaanzia nchani unaingia katikati kufuata uti wa jani kama herufi V, hapo njaa ya naitrojeni ipo. Kama manjano ipo kwenye majani machanga ya juu na ya chini ni kijani, shida ni nyingine kabisa, mara nyingi salfa au chuma, usimwage yurea.

Kwa ukoka wa uani kanyaga, tembea hatua chache kisha geuka nyuma uangalie. Nyayo zikibaki zimelala haziinuki, nyasi ina kiu, maji kwanza.

Alafu fanya jaribio, hili mimi nalipenda kuliko vipimo vya maneno. Chagua kipande cha mita mbili kwa mita mbili katikati ya shamba, weka vijiti pembe nne, mwagia maji vizuri, weka vizibo vinne vya soda vya yurea (kizibo kimoja cha kusawazisha ni kama gramu 5 hivi), mwagia maji tena. Pembeni yake acha kipande kingine cha ukubwa huo huo chenye maji tu bila mbolea. Baada ya siku saba mpaka kumi angalia. Kipande chenye mbolea kikiwa kijani zaidi, nunua mbolea. Vikilingana, umeokoa hela yako, tatizo ni maji tu.

Hatua ya 2: ujue mchanga wako

Uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba huko, udongo ni kichanga kirefu chenye rutuba ndogo, naitrojeni ikiwekwa nyingi kwa mara moja mvua ya kwanza kubwa inaizamisha chini mizizi isikofika. Mtu wa kichanga aweke kidogo kidogo mara nyingi, sio hiari. Aliye kwenye bonde la Lukuledi au kwenye mbuga nyeusi ana nafuu, udongo wake unashika.

Wenye nyasi chini ya mikorosho nao wasikilize. Tumepulizia salfa ya unga miaka na miaka kuzuia ubwiriunga (ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho), na salfa inaongeza tindikali kwenye udongo. Sasa ukichukua mbolea ya SA (salfeti ya amonia), ambayo nayo ina salfa na inaongeza tindikali kuliko wenzake, ukaimwaga pale pale mwaka baada ya mwaka, unazidisha ugonjwa. Hapo chukua CAN (naitreti ya amonia yenye kalsiamu), ina kalsiamu ndani yake na haichachui udongo kiasi hicho. Kupima udongo kunasaidia, TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, wapo hapo hapo Mtwara, ongea na bwana shamba wako akuelekeze namna ya kuchukua sampuli.

Na samadi jamani. Samadi iliyoiva inafanya kazi mbili kwa pamoja, inatoa naitrojeni taratibu na inafanya mchanga ushike maji. Kwa shamba la kichanga mimi siwezi kumshauri mtu aanze na mbolea ya chumvichumvi kama bandani kwake kuna samadi imelundikana inaliwa na kuku. Iingize kwenye udongo kabla ya mvua, usiiache juu juu maana jua linaimaliza nguvu.

Hatua ya 3: chagua mbolea

Yurea ina naitrojeni asilimia 46, kwaiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. CAN ina kama 26, mfuko una kilo 13. SA ina 21, mfuko kilo 10 na nusu. Ndo maana usilinganishe bei ya mfuko kwa mfuko, gawa bei kwa kilo za naitrojeni utashangaa. Kama umejisajili kwenye mfumo wa ruzuku wa serikali nenda na namba yako.

Yurea ni rahisi kwa hesabu hiyo ila ina tabia moja mbaya kwenye joto. Ikikaa juu ya udongo wenye unyevu kidogo, vimeng'enya vya udongo vinaibadilisha kuwa amonia, na amonia ni gesi, inapaa. Umewahi kupita kwenye shamba lililowekwa yurea ukasikia harufu kama ya mkojo uliolala? Hiyo ni hela yako inaondoka. Katika jua kali bila kufukiwa unaweza kupoteza robo na hata zaidi ndani ya siku chache. CAN haina shida hiyo kubwa, kwaiyo kwa mtu asiyeweza kufukia wala kumwagilia CAN inafaa zaidi japo kwa kilo ya naitrojeni ni ghali.

Kitu kingine, majivu. Majivu yana potasiamu na potasiamu inasaidia nyasi kufunga na kufungua vile vitundu vya jani vizuri, kwenye joto ni msaada mkubwa. Lakini usichanganye majivu na yurea au SA kwenye ndoo moja, wala usiweke siku moja. Majivu yanafukuza amonia. Tenganisha wiki mbili hivi. Chokaa nayo hivyo hivyo.

Hatua ya 4: kipimo

Kwa awamu moja, nusu mfuko wa yurea kwa eka. Hiyo ni kilo 25, na eka ni kama mita za mraba 4,000, kwaiyo inakuja gramu 6 kwa mita moja ya mraba, kizibo kimoja na ziada kidogo. Ukitumia CAN kwa naitrojeni ile ile ni karibu kilo 44 kwa eka, ukitumia SA ni kilo 55.

Kwa kijibustani cha mita 10 kwa 10 ni gramu 600 za yurea, au kilo 1.1 ya CAN. Kwa matete yaliyopandwa mita moja kwa mita moja ni kizibo kimoja kila shina. Umepanda karibu zaidi, nusu mita kwa mita, ni nusu kizibo.

Kipindi cha mvua nzuri, baada ya kukata, mwenye udongo mzuri anaweza kwenda mpaka mfuko mzima kwa eka. Kipindi cha joto usivuke nusu mfuko, na kama maji ni ya kubahatisha teremka hata robo. Mtu akikwambia joto likizidi uongeze mbolea, mwachie mbolea yake.

Hatua ya 5: lini

Hapa ndo penye mchezo wote. Sisi Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba unaenda mpaka Aprili, mwingine unasogea Mei. Joto kali linatukuta kuanzia Oktoba kabla ya mvua, alafu katikati ya msimu, mwisho wa Januari na Februari, mvua hupenda kukata kidogo jua likawaka vibaya.

Asiye na maji ya kumwagilia: usiguse mbolea kwa mvua ya kwanza ya kudanganya. Chimba kidole, udongo ukiwa umelowa kina cha kiganja ndo uweke awamu ya kwanza. Awamu ya pili wiki tatu nne baadaye, ili ile kiangazi ndogo ya Februari ikifika nyasi iwe imeshakula na mizizi imeshashuka. Ikishaanza kukauka, simama, subiri mvua irudi. Awamu ya mwisho ni Machi mpaka mwanzoni mwa Aprili wakati unyevu bado upo, hiyo ndo inayobeba shamba kuingia kiangazi. Baada ya hapo mpaka Desemba usiweke kitu.

Mwenye kisima au yuko karibu na mto: anza Septemba, kabla joto halijapanda, weka nusu mfuko kwa eka na maji. Kuanzia Oktoba weka robo robo kila baada ya wiki nne hivi, na siku ambayo pampu imeharibika mbolea ikae stoo.

Mama mmoja mfugaji wa Mikindani aliniuliza, "Mwanangu, hii chumvichumvi si ndo itazidi kuyaunguza?" Nikamwambia, mama, ukiiweka kavu itaunguza, ukiiweka na maji kabla ya jua itakusaidia. Akasema basi nitasubiri zamu ya maji. Ndo hivyo, bora kusubiri zamu ya maji.

Hatua ya 6: namna ya kuweka

Jioni, kuanzia saa kumi, majani yakiwa makavu. Punje ikikaa kwenye jani lenye umande inayeyuka pale pale inachoma, utaona madoa ya kahawia asubuhi. Kwa matete chimba kamfereji kadogo kiganja kimoja kutoka kwenye shina, kina cha sentimita tano, weka, fukia. Kwa Rhodes na ukoka huwezi kufukia, kwaiyo rusha kwa mkono sawasawa, nusu ukienda na nusu ukirudi kwa kukatisha, kisha mwagilia hapo hapo. Maji yanayotosha kuizamisha yurea ni kama lita 10 kwa mita moja ya mraba, yani ndoo ndogo nzima. Kunyunyizia kidogo tu ni kubaya kuliko kuacha kabisa, unaiyeyusha alafu inapaa.

Funika udongo kati ya mistari kwa majani makavu, makapi au maganda ya karanga. Hii haina gharama na inashusha joto la mchanga kuliko mbolea yoyote.

Kupulizia majani

Kama nyasi imeshapigwa na joto na mizizi imechoka, unaweza kupitisha naitrojeni kidogo kwenye majani yenyewe, lakini jua likiwa limepoa. Gramu 100 za yurea kwenye bomba la lita 15, koroga mpaka iishe, pulizia jioni kuanzia saa kumi na moja. Usizidi gramu 150. Rudia baada ya wiki mbili ukiona inahitajika. Hii haijazi shamba, inaokoa tu kijani kwa muda, na haisaidii nyasi ambayo haina tone la maji chini.

Kukata wakati wa joto

Mbolea nzuri inaharibiwa na panga. Matete acha kisiki cha sentimita 15 wakati wa joto, Rhodes 10. Sukari ya kuchipulia ipo pale chini, ukikata mpaka kwenye udongo umechukua akiba na umeliacha shina juani. Ukoka wa uani usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja.

Sumu, hapa soma taratibu

Nyasi iliyowekewa naitrojeni alafu ikakutana na ukame inaivuta lakini inashindwa kuigeuza kuwa protini, inajilundika kama naitreti, hasa sehemu ya chini ya shina. Ng'ombe akila nyingi, tumboni inageuka naitraiti, inaingia kwenye damu na damu inashindwa kubeba hewa. Mnyama anahema haraka, anayumba, fizi zinakuwa za bluu au kahawia, anaweza kufa ndani ya saa chache. Matete, mtama na mahindi yaliyokauka yote yanaweza. Kinachowapata watu ni hiki: ukame mrefu, mvua moja inanyesha, majani yanachangamka, mfugaji kwa furaha anakata siku ya pili. Subiri angalau wiki baada ya mvua hiyo, na wiki tatu baada ya kuweka mbolea. Ukilazimika, kata juu zaidi uache shina la chini, changanya na majani makavu ya zamani, usimpe mnyama mwenye njaa kali. Kukausha kuwa hei hakuondoi naitreti. Ukiona dalili toa hayo majani mbele yao na mwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Mtama una la ziada, machipukizi mafupi baada ya ukame yana sumu ya sianidi, usiyalishe mpaka yapite goti kabisa, kama sentimita 75 hivi.

Na yurea yenyewe ni sumu ikilambwa. Mbuzi wanapenda ile chumvi, mfuko uliochanika bandani au ndoo iliyobaki na maji ya yurea inatosha kuua. Weka juu, funga, na ndoo ya kupimia mbolea isitumike tena kunyweshea.